Nilivyozipenda Filamu za Zamani za Hollywood kwa Kuanzia Momella

Kwa miaka miwili hivi nimekuwa nikitazama filamu za zamani za Hollywood, nyingi zikiwa za rangi nyeusi na nyeupe, na sasa nina orodha yangu mwenyewe ya filamu na waigizaji ambao sitachoka kuwatazama. Ninaandika haya kwa sababu watu kadhaa wameniuliza nimewezaje kuzizoea, ilhali wao walijaribu moja wakaishia njiani. Kila ninapowauliza walianza na ipi, nakuta walipewa ushauri uleule mbaya niliopewa mimi.

Ushauri wenyewe ni huu: anza na ile inayosifiwa kuliko zote. Binamu yangu, ambaye hakuwa ameitazama hata yeye, alinishikilia nianze na Gone with the Wind ya mwaka 1939, akisema kwamba asiyeijua hiyo hajui sinema. Nilinunua bando la kama shilingi elfu kumi, nikaipakua usiku kucha kwa njia halali ya kulipia, kisha Jumapili nikawaita watu wa nyumbani tukakaa mbele ya televisheni. Filamu hiyo inakaribia saa nne. Baada ya saa moja mjomba alikuwa amelala, baada ya saa mbili watoto walikuwa nje, na umeme ulipokatika tukiwa hatujafika mwisho, hakuna aliyeuliza utarudi lini. Mimi mwenyewe nilibaki na uchungu wa aina nyingine, kwa sababu ile ni hadithi inayotutaka tuwahurumie waliomiliki watumwa, huku watumwa wenyewe wakiwekwa pembeni kama vyombo vya nyumbani.

Aliyetuamsha sote siku ile alikuwa mmoja tu, Hattie McDaniel. Kila anapoingia, hata waliosinzia hufumbua macho, maana anajua kusema mengi kwa kukunja uso tu. Baadaye nilisoma kwamba alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar, Februari 1940, na kwamba usiku huo huo aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake, kwa sababu hoteli ilimofanyika sherehe haikuwa ikipokea watu weusi. Kabla ya hapo hakuweza hata kuhudhuria uzinduzi wa filamu mjini Atlanta. Yeye ni wa kwanza katika orodha yangu ya waigizaji, ingawa filamu yake sijairudia na sina mpango wa kuirudia.

Ningeishia hapo kama si rafiki yangu mmoja anayeongoza watalii, aliyeniletea diski ya Hatari! ya mwaka 1962. Sisi tunaishi upande wa Usa River, karibu na Arusha, na filamu hiyo ilipigwa hapa hapa, Momella, chini ya Mlima Meru, na katika mbuga za jirani. Ilipigwa kabla ya Uhuru wa Tanganyika, ikatoka baada ya Uhuru. Jina lake ni neno letu, steringi wake ni John Wayne, na kazi yake ni kukamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama. Mwongozaji Howard Hawks aliwataka waigizaji wenyewe wafukuze na kukamata wanyama. Ukimwona John Wayne ameketi juu ya kile kiti cha mbele ya gari, ameshika mti wenye kitanzi, na kifaru anakimbia ubavuni mwake, ujue hayo hayakutengenezwa studio. Filamu ina zaidi ya saa mbili na nusu, na hakuna aliyelala. Mjomba alikuwa akisimama kila mara kutuonyesha mlima. Watoto walipomwona Elsa Martinelli akifuatwa na watoto wa tembo hadi mitaani Arusha, walipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni, naye akaketi. Siwezi kusema kwamba namna wanavyotendewa wenyeji wa nchi katika filamu hiyo inanifurahisha, kwa maana wengi wao wapo tu kubeba na kushangilia. Lakini nilipata nilichokuwa nikikihitaji: mlango wa kuingilia.

Hapo ndipo nilipoipata mbinu ninayojivunia. Badala ya kurudi kwenye orodha za filamu bora, nilimfuata mtu. Nilijiuliza huyu Hawks ametengeneza nini kingine, nikazitafuta moja baada ya nyingine. Katika kila filamu alikuwepo mwigizaji mmoja aliyenivuta, nami nikamfuata huyo hadi kwa mwongozaji mwingine. Ni kama kufuata ukoo: ukishamjua shangazi, hupati shida kuwajua watoto wake. Kwa njia hiyo sikutazama hata filamu moja kama mgeni, kwa sababu kila mara kulikuwa na sura ninayoifahamu inayonikaribisha.

Kikwazo kilikuwa lugha. Kiingereza changu ni cha shule na cha kazini, nacho kinatosha kabisa, mpaka nilipokutana na His Girl Friday ya mwaka 1940, ambayo nayo ni ya Hawks. Cary Grant na Rosalind Russell ni mhariri na mwandishi wa habari waliokuwa mume na mke, na wanazungumza kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia, mmoja akidakia kabla mwenzake hajamaliza. Mara ya kwanza sikuambulia kitu. Nilijaribu kusoma maandishi ya chini ya picha, lakini nikawa nasoma kitabu badala ya kutazama filamu, na nyuso zikanipita. Jaribio la pili nilisimamisha picha kila baada ya sentensi, na ule utamu wote ukavunjika. Jaribio la tatu ndilo lililofaulu: nilipunguza kasi ya kuchezesha hadi robo tatu, nikaitazama yote hivyo, nikizoea maneno na mahali kila mtu anapodakia, kisha siku ya pili nikaitazama kwa kasi yake ya kawaida bila maandishi yoyote. Nilicheka peke yangu usiku wa manane. Tangu siku hiyo hakuna filamu ya zamani inayonishinda kwa Kiingereza. Isitoshe, filamu hiyo haikugharimu chochote, kwa sababu hakimiliki yake haikuhuishwa ilipokwisha nchini Marekani na mtu yeyote anaweza kuitazama bure. Charade ya mwaka 1963, yenye Cary Grant na Audrey Hepburn jijini Paris, nayo ni ya bure, kwa sababu ilitolewa bila tangazo sahihi la hakimiliki. Anayeanza bila fedha aanze na hizo mbili.

Hawks huyo huyo ndiye aliyenifikisha kwa mwigizaji wa kike ninayempenda kuliko wote, Barbara Stanwyck. Katika Ball of Fire ya mwaka 1941, yeye ni mwimbaji wa klabu anayejificha katika nyumba ya maprofesa wanaoandika ensaiklopidia. Gary Cooper ni mtaalamu wa lugha anayekusanya misimu ya mitaani, naye Stanwyck anaijua yote. Kwa mtu anayependa maneno, hiyo ni karamu. Billy Wilder alikuwa mmoja wa waandishi wa muswada wake, na miaka mitatu baadaye akamwongoza Stanwyck katika Double Indemnity, ambako mke na wakala wa bima wanapanga kumuua mume ili wapate malipo. Ni mwanamke yule yule, lakini safari hii moyo wake ni wa barafu, nami niliogopa kumtazama machoni. Stanwyck alifiwa na mama akiwa na miaka minne, akalelewa kwa shida Brooklyn, na nadhani ndiyo maana hakuna jukumu lolote analoliigiza kwa kudeka. Aliteuliwa mara nne kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike bila kushinda, akapewa ya heshima mwaka 1982. Nikiyafikiria hayo, bado naona kama nimedhulumiwa mimi.

Filamu ninayoiweka juu ya zote, hata hivyo, haina neno hata moja linalotamkwa, na nilifika kwake kwa ajili ya Bibi. Bibi yangu mzaa mama hajui Kiingereza. Alikuwa akiketi nasi kwa upendo tu, huku mimi nikimtafsiria, nami nilijitahidi kwelikweli. Nilikuwa nimewasikiliza watafsiri wa kwenye mabanda ya video, wale walioifanya kazi ya kutafsiri picha kuwa sanaa kamili, nikajifunza kubadili sauti kwa kila mhusika. Lakini hadithi zile za maneno mengi zilimchosha. Ndipo nikakumbuka kwamba Hollywood ilikuwa na miaka mingi ya picha zisizo na sauti. Nikaandaa City Lights ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1931. Wakati huo filamu za sauti zilikuwa zimeshaenea, lakini Chaplin alikataa, akatumia zaidi ya miaka miwili kuitengeneza bila mazungumzo, akaweka muziki ambao sehemu yake kubwa aliutunga mwenyewe.

Nilianza kama kawaida yangu: huyu ni maskini asiye na makazi, huyu ni msichana kipofu anayeuza maua, anamdhani maskini ni tajiri kwa sababu amesikia mlango wa gari ukifungwa. Bibi akanishika mkono, akaniambia, “Mjukuu wangu, nyamaza, naona mwenyewe.” Nikanyamaza. Kwa muda wa saa moja na zaidi sikusema neno, nikawa natazama filamu na kumtazama yeye kwa zamu. Alicheka kwenye lile pambano la ngumi, Chaplin alipokuwa akijificha nyuma ya refa, mpaka akafuta machozi kwa kanga. Ilipofika ile sehemu ya mwisho, msichana ameshapona macho, anamtilia maskini sarafu mkononi kisha anaushika ule mkono na kuutambua, Bibi alisema jambo moja tu, tena kwa sauti ya chini: “Amemjua kwa mkono.” Nimesoma maelezo mengi kuhusu mwisho huo, na hakuna linaloyapita maneno hayo matatu. Chaplin alirudia mara mamia kupiga tukio la kwanza la wawili hao kukutana, na mimi naona kila mara ile ililipwa sebuleni kwetu.

Kwa hiyo mwenye wazee nyumbani asiwasumbue na tafsiri, awape Chaplin, kisha Buster Keaton, hasa Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, ambamo ukuta mzima wa nyumba unamwangukia Keaton naye anaponea kwenye nafasi ya dirisha. Ukuta ule ulikuwa mzito wa kweli. Kwa wale waliokulia nyumba za kupanga zenye ua mmoja, Rear Window ya mwaka 1954 haihitaji utangulizi wowote: James Stewart amevunjika mguu, anakaa dirishani akichungulia majirani, na kila jirani ana siri yake. Tuliitazama mara mbili kwa wiki moja.

The African Queen ya mwaka 1951 ninaipenda kwa ajili ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na kwa ajili ya ziwa letu. Ilipigwa Kongo ya Wabelgiji na Uganda, nayo Oscar aliyoipata Bogart kwa filamu hiyo ndiyo pekee maishani mwake. Hadithi yenyewe, iliyowekwa Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, imetokana na mapambano ya Ziwa Tanganyika. Mjomba, aliyewahi kufanya kazi Kigoma, ndiye aliyetusimulia kuhusu meli ya Wajerumani waliyoizamisha wao wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Alikuwa ameipanda. Alisimulia kwa muda mrefu kuliko filamu yenyewe, nasi tulimwacha aendelee.

Steringi wangu wa kiume ni Sidney Poitier. Nilianza na Lilies of the Field ya mwaka 1963, iliyomfanya kuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Ni filamu ndogo na ya upole, kuhusu fundi anayewajengea watawa kanisa. Kisha nikaandaa In the Heat of the Night ya mwaka 1967, na safari hii Bibi alikubali kutafsiriwa. Poitier ni mpelelezi kutoka kaskazini aliyekwama katika mji wa kusini mwa Marekani, na uchunguzi unampeleka katika nyumba ya mimea ya tajiri mwenye mashamba ya pamba. Maswali yanapomchoma, tajiri huyo anampiga kofi, na Poitier anamrudishia kofi papo hapo, bila kufikiri mara mbili. Mjomba alipiga meza. Watoto waliruka.

Bibi, ambaye alipokuwa msichana alifanya kazi katika nyumba ya mlowezi mwenye shamba la kahawa, hakuwa akimtazama Poitier. Alikuwa akimtazama mtumishi mweusi aliyesimama pembeni na sinia la vinywaji, ambaye mimi nilikuwa sijamwona. “Rudisha nyuma,” aliniambia, “nimwone tena huyo wa sinia.” Nilirudisha mara tatu.