Damu ya pua iliyokuwa haikatiki

Mwanangu alikuwa akitokwa na damu puani mara kwa mara, nami kila mara nilimwambia atazame juu, kama nilivyofundishwa utotoni. Damu haikukoma. Ilishukia kooni, akaimeza, na siku moja akaitapika. Nilitetemeka.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenionyesha kosa: kutazama juu ndiko kulikoipeleka damu kooni. Tena nilikuwa nikibana mfupa wa juu, ilhali mishipa inayopasuka mara nyingi iko chini, kwenye sehemu laini ya mbele.

Iliporudi, nilimkalisha, nikamwinamisha mbele kidogo, nikabana pale palipo laini kwa kidole gumba na cha shahada. Alipumua kwa mdomo, akatema damu iliyoingia kinywani. Nilibana dakika 10 kamili, nikitazama saa, bila kuachia. Hapo ndipo penye kazi: unatamani kuchungulia, na ukichungulia tu, damu iliyoanza kuganda inabanduka, unaanza upya. Nilipoachia, ilikuwa imekata.

Nikamkataza kupenga na kuchokonoa pua kwa saa 24. Ingepita dakika 20 bila kukoma, au ingetokana na kugongwa kichwani, tungekwenda hospitali moja kwa moja.