Mjomba Aonja Ulanzi

Mjomba wangu analima zabibu Hombolo, Dodoma, na kwa maoni yake kileo kisichotoka kwenye mzabibu hakistahili hata glasi. Ndiye niliyesafiri naye kwenda Iringa, mvua za Januari zikiwa zimeanza, kumwona mama mdogo anayeishi Ipogolo. Hadi Mtera nchi ni kavu kama kwetu, mibuyu na miiba. Ukishapanda Nyang'oro ndipo unatafuta sweta.

Kesho yake tukapanda daladala ya Tanangozi, tukashuka Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, tukaingia kwa miguu. Jua lile! Ndani ya korongo zimesimama nguzo za udongo ndefu kuliko nyumba, mvua na upepo vimezichonga, na chini ni mchanga mtupu. Mwongozaji akatuonyesha mashoka ya mawe ya watu wa kale, akasema zamani hapo palikuwa na maji, na imefukuliwa mifupa ya aina ya viboko waliokwisha kutoweka duniani. Nilibaki nawaza viboko kwenye ukavu ule. Mjomba yeye aliinama, akachota mchanga, akausugua vidoleni. "Hapa mzabibu ungekubali." Mwongozaji akacheka, akidhani ni utani.

Tukaendelea hadi Tanangozi, tukaingia kilabuni kutafuta ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi uitwao mlanzi.

"Kamwene, baba," mama muuzaji akamsalimu. "Togwa au mkangafu?"

Mjomba hakujua hiki wala kile, ikabidi aelezwe. Mgema hukata ncha ya chipukizi la mlanzi, hufunga mbeta ya mwanzi ikinge utomvu, kisha hurudi asubuhi na jioni kukata tena kidogo. Uliogemwa leo ni togwa, mtamu. Ukilala ni mkangafu, na huo haumwonei mtu haya.

"Hamkamui? Hamtii chachu?"

"Unachachuka wenyewe, baba."

"Na unakaa miaka mingapi?"

Mama akanitazama mimi, kama anayeuliza huyu mzee ni mzima. "Miaka? Kesho kutwa tu ni mchungu huo."

Mjomba akaagiza mkangafu, "nionje tu." Akaonja lita nzima. Wakati wa kurudi akanunua na dumu, akakaza kifuniko kwa nguvu zote za mkulima; konda akagoma mpaka kilegezwe, maana ulanzi ukifungwa hulipuka. Akakaa nalo mapajani, povu likimlowesha suruali, akinieleza kwamba ukiunusa vizuri, si mbali sana na zabibu nyeupe.