Miserere ya 1963 na umeme uliokatika Jumatano ya Majivu

Jumatano ya Majivu mwaka huu umeme ulikatika katikati ya zaburi. Tulikuwa tumeanza vizuri na kinanda, doh (noti ya msingi ya wimbo) ni G, "Uturehemu, ee Bwana, kwa kuwa tumetenda dhambi". Kufika ubeti wa pili kinanda kikafa. Kwaya haikusimama, na kwa hilo niliwapenda. Ila bila kinanda, kwaya yetu hushuka kama ndoo kisimani. Ubeti wa nne umeme ukarudi, na mpiga kinanda wetu, kijana mwenye nia njema kabisa, akakandamiza G kwa mikono yote miwili. Sisi wakati huo tulikuwa tumeshatua F. Sitaeleza sauti iliyotoka. Padri alitazama dari.

Usiku ule, badala ya kulala, niliweka visikilizio masikioni nikatafuta watu wengine wanaoimba zaburi hiyohiyo ya 51 bila kinanda: Miserere (Kilatini, "unirehemu") ya Gregorio Allegri, ile iliyorekodiwa mwaka 1963 na kwaya ya King's College, Cambridge, chini ya David Willcocks. Allegri aliutunga wimbo huu katika karne ya 17 kwa ajili ya Kanisa Dogo la Sistina, uimbwe Juma Kuu. Habari ya mtunzi Mozart kuusikia akiwa na miaka 14 na kwenda kuuandika kwa kichwa kila mtu ameshaisimulia, naipita.

Nilitaka kujua mwendo wao ni upi, niuibe. Nikafungua metronomu ya simu, ile inayogonga mapigo kwa dakika. Nikajaribu 60, ikawapita. Nikajaribu 50, wao wakanipita mimi. Mwisho nikaizima, kwa sababu sehemu kubwa ya wimbo huu haina mapigo ya kuhesabu. Wanaume wanaghani mstari mzima juu ya noti moja kwa spidi ya mtu anayesoma kwa sauti, halafu wanainama kidogo mwishoni. Wanajibiwa na kundi la sauti tano, wanaghani tena, halafu wanajibu waimbaji wanne tu. Hivyo hivyo kwa takriban dakika 12, mpaka mwisho ambapo makundi yote mawili yanakutana kwa sauti tisa. Kinachoweka mwendo ni jengo lenyewe: wanasubiri mwangwi umalizike ndipo waanze mstari mwingine. Sisi tunaimba chini ya bati, mwangwi wetu ni feni.

Ufunguo ni G maina, yaani G ya huzuni. Kwa sisi wa sol-fa, doh ni B flati na wimbo unatulia kwenye noti ya "la". Hapo hakuna la ajabu, nyimbo nyingi za Kwaresima zinatulia kwenye "la". Jambo lenyewe liko kwa wale wanne. Wanaanza G maina kama wenzao, wanafika katikati ya mstari, halafu ghafla kila kitu kinahamia C maina, na sauti ya mtoto inapanda mpaka C ya oktava mbili juu ya C ya katikati ya kinanda. Haisukumi wala haitetemeki. Inafika tu, inakaa, inashuka ngazi kwa ngazi. Mtoto huyo ni Roy Goodman, wakati huo ana miaka 12. Mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa ametoka kucheza raga, magoti yana matope.

Sasa sikia hili. Kuhama huko kwa ufunguo ni makosa. Allegri hakuandika hiyo C. Mwaka 1831 mtunzi Mjerumani Mendelssohn alisikia Miserere huko Roma ikiimbwa juu zaidi kwa hatua ya nne (kama kutoka doh hadi fa), akaandika alichosikia. Baadaye, katika kamusi ya muziki ya Grove, karne hiyohiyo ya 19, kipande cha juu kikabandikwa kwenye mfano ulioanza katika ufunguo wa chini. Nusu ya kwanza ya mstari ikabaki G, nusu ya pili ikaruka. Mwaka 1951 mpiga kinanda Mwingereza Ivor Atkins akatoa toleo la Kiingereza lenye mruko huo, na ndilo Willcocks alilolirekodi. Yaani mimi niliyewagombeza watu thelathini kwa kuhama ufunguo, nilikuwa nalia chumbani kwa sababu ya ufunguo uliohamishwa na wachapaji.

Nasema kulia, lakini wimbo wenyewe hauna kilio. Sisi "unirehemu" tunaiomba kama kwenye msiba, sauti ya pili inajikunja, besi wananguruma. Hawa wanaiomba kama mtu aliyeshamaliza kulia, amenawa uso, sasa anaongea polepole. Mara ya kwanza niliona ni ubaridi wa Waingereza. Mara ya tatu nikaacha kuona hivyo.

Jumamosi niliwasikilizisha kwaya kwa spika ya mtu. Dakika ya tano mzee wetu wa besi akaniinamia: "Mwalimu, hawa mbona hawamalizi?" Ile C ilipokuja, mama mmoja wa soprano akashika koo lake kama ndiye anayeimba.

Kipande cha wale wanne sijakigusa, sina mtoto wa kufika huko. Nimechukua mstari wa kwanza tu, ule wa sauti tano, na nikaweka maneno ya Biblia yetu: "Ee Mungu, unirehemu, sawasawa na fadhili zako." Kiswahili kinakaa vizuri ajabu mwishoni, maana mkazo wa "zako" uko kwenye "za", na noti ndefu inaangukia hapohapo bila kulazimishwa. Tatizo lilikuwa "sawasawa". Walikuwa wanaikimbia kama wanakubaliana bei. Niliwaambia waiseme kwanza, kila mtu kama anamwambia mzazi wake, kisha waiimbe kwa mwendo ule ule. Ikachukua nusu saa.

Jana tuliuimba mzima kwa mara ya kwanza, kinanda kimezimwa. Walipomaliza, nilikiwasha, nikapunguza sauti kabisa, nikaweka sikio kwenye spika na kubonyeza G. Walikuwa wameshuka, lakini haikufika hata nusu toni. Nilikizima kabla hawajasikia.