Ile "aha" ya Jumatano

Jamani nimekosa usingizi kwa ajili ya neno moja, na lenyewe hata neno sio.

Jumatano nimepita chumba cha dokta wa maabara yetu, yule anayesoma slaidi za vinyama vya wagonjwa tunavyomkatia, kuchukua trei tupu, nikamkuta kainamia hadubini. Shikamoo dokta, akaitikia bila kuinua kichwa. Halafu akauliza, "Hii kakata nani?" Nikasema mimi. Akasema, "Aha." Basi. Akaendelea na mambo yake nami nimesimama na trei kama mhudumu wa harusi.

Aha gani sasa? Maana kuna aha ya kushangaa na kuna aha ya nilijua tu. Nimeirudia kwenye daladala, nimeirudia nikikosha vyombo, hata Jumamosi kwenye sendofu ya Rehema (ilifana, mama alilia kama kawaida yake) mimi nawaza slaidi.

Na mnanijua nilivyo nikifika kwenye beseni la maji ya moto. Bloku (kinyama cha mgonjwa ndani ya nta ya parafini) naikata vipande vya mikroni 4, yaani elfu nne za milimita, utepe wa vipande ukitoka vizuri naulaza juu ya maji taratibu, upande unaong'aa uwe chini, naacha mikunjo ijinyooshe yenyewe. Maji yakipoa mikunjo haitoki, yakizidi moto parafini inatawanyika na kipande kinachanika, mimi huwa naweka nyuzi 43 hivi. Nazamisha slaidi kwa mshazari naivuta juu, kipande kinapanda nayo. Na kila nikimaliza bloku moja nafuta uso wa maji kwa tishu (ya karatasi, msicheke), isije ikawa tishu ya mgonjwa mmoja imepanda slaidi ya mwingine. Hapo ndo roho ilikuwa inanipasuka, je nilifuta? Jumanne niliyoikata slaidi ile, umeme ulikatika mara mbili, nikawa nakimbizana na barafu bloku zisilainike, sikumbuki kabisa kama nilifuta.

Leo mchana nimeshindwa. Dokta katoka, nikaichomoa slaidi nikaitazama mwenyewe. Safi. Hakuna mkunjo, hakuna povu, hakuna kipande mgeni. Ila kuna nukta ya kalamu, ile anayoweka mahali anapotaka kurudi kuangalia, na chini ya nukta seli zimesongamana, viini vikubwa vya zambarau iliyokolea, kila kimoja na umbo lake. Mimi sio dokta lakini nimekaa hapa miaka, sura ya saratani naijua.

Kumbe siku tano zote naulilia mkono wangu na pale kuna mtu. Namjua kwa namba tu, niliyoiandika mwenyewe kwa penseli kwa sababu wino unaondoka kwenye zailini, ile dawa ya kuyeyusha parafini. Nikairudisha polepole kama inalala.

Lakini sasa kwa nini aliuliza kakata nani? Naona aibu kwamba bado nataka kujua.

Halafu jino la mbele la Junior lilitoka mwezi wa tatu, mpaka leo jipya halijachungulia. Bibi yake anasema kosa letu, hatukulirusha juu ya bati. Ghorofa ya pili tunapokaa, bati nilitoe wapi?