Fedha iko kwenye simu, duka halipokei
Jana jioni, hapa Ujiji, mdogo wangu aliniomba nimlipie mchezo wa video wa mpira katika duka moja la mtandaoni, nami nikakubali kwa kuwa salio langu la M-Pesa kwenye simu lilitosha. Tulipofika kwenye malipo, duka lilidai tarakimu 16 za kadi ya benki, wala halikutoa njia nyingine. M-Pesa iko Tanzania tangu mwaka 2008. Kwa simu hiyohiyo ninanunua umeme wa LUKU na kumlipa muuza migebuka, ambaye hupata ujumbe wa uthibitisho kabla hajamaliza kunifungia samaki. Kijana asiye na akaunti ya benki, nao ni wengi mtaani kwetu, anafungiwa mlango ilhali fedha anayo. Naomba kwa dhati maduka hayo yapokee malipo ya simu, tena yaonyeshe bei kwa shilingi.