Harufu Niliyoikuta Kwenye Sijida

Mwaka 2018, mimi na mume wangu tulipoamua kuipangisha nyumba yetu ya Tabata na kuhamia moja kwa moja ndani ya Toyota Coaster kuukuu, tulijiwekea miezi minne ya matayarisho. Watoto walikuwa wamekwisha kujitegemea, yeye alikuwa amestaafu, na sote wawili tulitamani kuishi mwambaoni, leo Tanga, baada ya miezi kadhaa Lindi. Marekani, watu wanaoishi hivyo hukuta viwanja vya kuegesha vyenye bomba la maji na soketi ya umeme. Sisi ilitubidi kubeba kila kitu, kwa hiyo kila kitu kilipimwa kwanza kwa kilo. Tangi la lita 120 likijaa, maji peke yake yana kilo 120, na hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nimpe dada yangu kinu alichoniachia mama.

Umeme niliuhesabu kwa wiki nzima. Betri ya asidi ya volti 12 yenye ampea-saa 200 huhifadhi wati-saa 2,400, lakini ukizoea kuitumia kupita nusu yake inakufa mapema, hivyo friji dogo, feni mbili na taa vilipaswa kutosheka na 1,200 mpaka jua lichomoze juu ya paneli zetu. Yote hayo yamo katika daftari langu. Kuhusu gesi sikuandika hata mstari mmoja, kwa sababu nilikuwa nimeipikia miaka mingi nikaamini kwamba naijua.

Fundi wa Gerezani aliyetutengenezea kabati la mtungi alitoboa tundu la hewa juu, karibu na dari, akisema kuwa gesi hupanda kama moshi. Tulikubali. Nyumbani mtungi ulikaa jikoni penye madirisha mawili na mlango wa uani, na hatukuwahi kuwa na sababu ya kujiuliza gesi iliyovuja inakwenda wapi.

Mwezi wa Aprili tulivuka Daraja la Kigamboni kwenda kulala usiku mmoja wa majaribio ufukweni Kimbiji. Barabara ya mwisho ilikuwa na makorongo yaliyotutikisa sana. Usiku mvua ya masika ikapiga, tukafunga madirisha yote, na baada ya chai tulizima jiko bila kufunga mtungi.

Alfajiri nilitawadha kwa birika, nikatandika mswala gizani ili nisimwamshe mwenzangu. Katika sijida ya kwanza nilinusa gesi. Nilipoinuka kukaa harufu ikapotea, nikadhani ni wasiwasi wangu tu. Niliposujudu mara ya pili ikanijaa puani, nzito, kana kwamba inatoka ndani ya sakafu yenyewe. Nilikata sala.

“Baba Salma, amka, usiwashe taa!”

“Kuna nini?”

“Gesi. Toka nje, usiguse swichi yoyote.”

Mlango wetu ulikuwa wa kufungua kwa mkono, namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo. Tulisimama mvuani tukilitazama gari, nami nikakumbuka kwamba friji hujiwasha na kujizima lenyewe, na kwamba cheche moja ndani yake ingetosha. Sijapata kuogopa kiasi kile. Hewa ilipoingia kidogo, mume wangu aliziba pumzi, akaingia na kufunga mtungi, kisha tukafungua madirisha yote kutoka nje, na kwa muda mrefu nikapepea kwa khanga yangu chini, usawa wa sakafu, kuielekeza gesi mlangoni. Kulipopambazuka tuligundua kwamba kibano cha mpira kwenye regulata kilikuwa kimelegea kwa mitikisiko ya barabara.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Hutiririka chini kama maji na kutulia mahali pa chini kabisa, na sisi tulikuwa tumeiwekea njia ya kutokea darini.

Tulirudi Gerezani siku ileile. Yule kijana alinipa shikamoo, akasikiliza kisa chote akiwa ameinamisha kichwa, na nilipomaliza alisema, “Mama, kumbe ningewaua,” akakataa katakata kupokea malipo ya kazi iliyofuata. Alikata matundu mawili kwenye sakafu ya kabati, yakitokeza moja kwa moja chini ya gari, akaziba kwa raba upande wa kabati unaotazama chumba, akabadilisha mpira na vibano vyote. Kisha akakoroga sabuni, akapaka povu kila kiungo, tukachuchumaa watatu tukitazama kama kuna kipovu kitakachotuna. Hakikutuna hata kimoja. Hata hivyo nilimwomba aache mtungi wazi kwa nusu saa na milango imefungwa, nikaingia peke yangu, nikapiga magoti na kushusha uso hadi pua ikagusa sakafu. Nilinusa raba mpya na vumbi la chuma tu.

Tulihama Tabata wiki iliyofuata.