Maji ya Kisima cha Bethlehemu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimesumbuka rohoni. Jioni ya kuamkia Desemba 9, balozi wetu wa nyumba kumi alipita na daftari la mchango wa darasa la shule ya mtaani kwetu, lile ambalo mvua za kwanza ziliezua bati zake. Elfu kumi kila kaya. Nikamjibu palepale mlangoni, bila hata kumkaribisha: "Mama, serikali si ipo?" Akafunga daftari taratibu, akaniaga kwa heshima. Kesho yake, Siku ya Uhuru, nikasimama kuimba wimbo wa Taifa, sauti ikanikauka.

Usiku nikafungua 2 Samweli 23. Sisi wa Dodoma tunaijua kiu. Tunajua kupanga madumu alfajiri siku ya mgao. Daudi ana kiu, anatamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wanapenya kambi ya Wafilisti, wanayaleta. Naye anakataa kuyanywa! Ameona ndani yake damu ya watu waliohatarisha nafsi zao, akayamimina mbele za Bwana.

Mimi nayanywa tu. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere aliacha kazi ya kufundisha Pugu, akaacha na mshahara. Safari yake ya Umoja wa Mataifa, New York, wanachama wa TANU waliichangia. Dossa Aziz alitoa gari lake kwa chama. Bibi Titi Mohamed alizunguka akiwahamasisha wanawake wajiunge. Hakuna aliyeuliza serikali iko wapi. Serikali yenyewe ilikuwa ya mkoloni.

Wapendwa, tunapenda kusema uhuru wetu wa 1961 haukumwaga damu. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Ila tumelisema mpaka tukadhani haukumgharimu mtu kitu. Nakuambia kwa upendo wewe unayetoa fungu la kumi na kumkwepa balozi, kama nilivyofanya mimi: watoto wanaonyeshewa mvua darasani ni wa Bwana pia. Tubu. Nimeanza mimi.

Ijumaa nilimfuata balozi kwake, nikaomba msamaha. Akaniandika mstari wa mwisho. Juu ya jina langu palikuwa na la bibi anayeuza ubuyu pale kona, amelipa elfu mbili, na pembeni pameandikwa: "Nyingine ataleta Jumamosi."